Mnada Ambao Aliyeshindwa Naye Hulipa

Ukishuka Tandika siku ya mnada wa mitumba utamkuta kijana amepanda juu ya meza, shati likiwa hewani mkononi mwake, anataja bei kwa kipaza sauti na watu wanamjibu. Unaweza kusimama pale saa nzima, ukataja bei ya suruali tatu, ukazidiwa zote tatu, kisha ukarudi zako Chang'ombe na pesa yako yote mfukoni. Kuzidiwa bei hakukugharimu chochote. Kanuni ni hiyohiyo kwenye mnada wa ng'ombe Pugu, na ni hiyohiyo dalali wa benki anapouza nyumba ya mtu aliyeshindwa kulipa mkopo: anayelipa ni aliyenunua.

Kuna mnada wa aina nyingine unaoendeshwa kwenye intaneti, na humo kanuni hiyo imegeuzwa. Kila anayetaja bei analipa, ashinde asishinde. Wenye biashara hiyo huuita mnada wa senti, kwa kuwa bei ya kitu hupanda senti moja moja au mbili mbili. Tangazo lake ni rahisi kulitambua: simu mpya, runinga ya ukutani au pikipiki, na pembeni bei ambayo haieleweki, tuseme Sh 18,400, pamoja na maneno kwamba fulani ameshinda sasa hivi. Linaweza kukufikia kupitia Facebook, kupitia kundi la WhatsApp la mtaa, au kwa kiungo kilichotumwa na rafiki ambaye naye ametumiwa. Nawaandikia wakazi wa Chang'ombe na Temeke kwa jumla, na nawafikiria hasa vijana wa vyuo vya DUCE na VETA, mafundi wa Keko na wafanyakazi wa viwandani ambao simu ya laki sita ni mshahara wa mwezi mzima au zaidi. Tangazo la namna hii huwagusa kwa sababu kitu chenyewe wanakihitaji kweli, na mwenye shida ya kweli akiona njia ya mkato hawezi kulaumiwa kwa kuitazama.

Unavyofanya kazi

Unajisajili kwa namba ya simu au barua pepe. Kabla ya kushiriki unanunua madau, tena kwa kifurushi: hamsini, mia moja, mia mbili. Ukiingia kwenye mnada unaona picha ya kitu, bei yake ya sasa, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukibofya kitufe, dau lako moja linakatwa papo hapo na halirudi tena. Bei inapanda kidogo mno. Saa nayo inaongezewa sekunde kumi, kumi na tano au ishirini, ili wengine wapate nafasi ya kukuzidi. Saa ikifika sifuri bila mtu mwingine kubofya, aliyebofya mwisho ndiye mshindi.

Hata huyo mshindi hajapewa kitu bure. Amepata haki ya kukinunua kwa bei iliyofikiwa. Atalipa bei hiyo, atalipia usafirishaji, na kama mzigo unatoka nje ya nchi atakutana na kodi zake. Madau aliyotumia kufika hapo yalishakatwa zamani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme dau moja linauzwa Sh 500, na kila dau linapandisha bei kwa Sh 20. Inanadiwa simu ambayo Kariakoo inauzwa Sh 600,000. Mnada unafungwa bei ikiwa Sh 40,000. Tangazo litakalotoka kesho yake litasema: simu ya laki sita imeuzwa elfu arobaini. Ni kweli, lakini ni kipande kimoja tu cha ukweli. Ili bei ifike Sh 40,000 kwa hatua za Sh 20, yamebofywa madau 2,000. Kila dau ni Sh 500, kwa hiyo mwendeshaji ameshakusanya Sh 1,000,000 hata kabla mshindi hajalipia simu. Ongeza ile elfu arobaini, anapata Sh 1,040,000 kwa kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kukinunua dukani kwa laki sita.

Mshindi wetu, tuseme, alibofya mara 150. Ametumia Sh 75,000 za madau na Sh 40,000 za bei, jumla Sh 115,000. Amefaidi sana, hilo tusilikatae. Lakini madau 1,850 yaliyobaki ni ya watu wengine, na thamani yake ni Sh 925,000. Hao hawana simu, hawana chaja, hawana hata kasha. Yumo aliyepoteza elfu tano, na yumo aliyepoteza laki mbili kwa sababu alibaki akipambana na mshindi hadi dakika ya mwisho. Punguzo la mshindi lililipwa na hao.

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwenye mnada wowote wa namna hii kabla hujatoa hata shilingi. Tafuta mnada uliokwisha. Chukua bei ya mwisho, igawe kwa kiasi ambacho kila dau hupandisha: hapo umepata idadi ya madau. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya dau moja, kisha linganisha na bei ya kitu hicho dukani. Dakika tano na kikokotoo cha simu zinatosha. Kama tovuti imeficha bei ya dau au kiasi cha kupanda, hesabu haiwezekani, na hapo hapo pana sababu ya kutosha ya kufunga ukurasa.

Yaliyotokea kwa wenzetu

Mtindo huu si mpya. Kampuni iliyoufanya ujulikane ilianza Ujerumani mwaka 2005 kwa jina la Telebid, ikabadili jina na kuwa Swoopo, na ilifanya biashara pia Uingereza na Marekani. Marekani dau lake moja lilifika kuuzwa senti 60 za dola, wakati bei ya kitu ingeweza kupanda kwa senti moja tu. Maana yake, kitu kilichofungwa kwa dola 50 kwa hatua za senti moja kilikuwa kimeingiza dola 3,000 za madau. Watu walilalamika, wachumi wakaandika, na Machi 2011 tovuti ilizimwa na kampuni mama ikaingia kwenye ufilisi. Mwaka huohuo mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilitoa tahadhari kwa wananchi kuhusu minada ya senti: wasome masharti, wajue kwamba kila dau ni pesa iliyokwisha kutoka, na waangalie wasijikute wamenunua kifurushi cha madau wakidhani wanajisajili bure.

Mchumi Ned Augenblick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichambua kumbukumbu za minada 166,000 ya namna hii. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016 alionyesha kwamba faida ya waendeshaji kwa wastani ilizidi asilimia 50. Jambo lililonigusa zaidi katika kazi yake ni maelezo ya kwa nini watu hawaachi. Mtu akishatumia madau mengi, yale yaliyokwisha kupotea humvuta atumie mengine, ingawa hayarudi kwa vyovyote. Wachezaji hujifunza kulikwepa kosa hilo, lakini hujifunza polepole, na kila somo wanalilipia.

Nguvu hiyo ilielezwa miaka mingi kabla ya intaneti. Mwaka 1971 Martin Shubik, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika kuhusu mchezo ambao unaweza kuujaribu nyumbani kwa pesa ya kuigiza. Nadi noti ya Sh 10,000. Sharti ni kwamba aliyetaja bei ya juu anaichukua, lakini aliye wa pili naye analipa alichotaja bila kupata kitu. Mwanzo watu hucheka na kutaja mia tano, elfu moja. Ikifika mmoja ametaja 9,500 na mwenzake 9,000, yule wa 9,000 anaona bora ataje 10,000 kuliko kupoteza elfu tisa yake bure. Naye mwenzake anaona bora ataje 10,500, apoteze mia tano, kuliko kupoteza 9,500 nzima. Kuanzia hapo watu wawili wenye akili timamu wanagombea noti ya elfu kumi kwa zaidi ya elfu kumi, na hakuna aliyewadanganya lolote. Masharti yametosha.

Waswahili tuna methali kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali ya watu waliokubali wajibu: umeoa, umeanza kujenga, umepokea uongozi, basi maliza. Kwenye mnada wa senti ndiyo fikra inayomfilisi mtu. "Nimeshatia elfu thelathini, nitaachaje sasa?" Elfu thelathini ile imekwenda ukiacha na imekwenda usipoacha. Swali lenye maana ni moja tu kila unapotaka kubofya: hii mia tano inayofuata, ningeitoa kama ndiyo kwanza nimefungua ukurasa huu?

Na kuna la kwetu ambalo tafiti za ughaibuni hazilitaji. Mnada unaamuliwa kwa sekunde. Wewe uko Chang'ombe Maduka Mawili unatumia bando la siku, mtandao unapanda na kushuka, na kompyuta inayoendesha mnada huenda iko bara jingine. Umebofya sekunde ya pili kabla ya mwisho, dau limekatwa, na skrini inakuambia muda umekwisha. Hakuna wa kumlalamikia. Mwenye mtandao wa kasi, au aliyewasha programu ya kubofya yenyewe, anakushinda akiwa amelala.

Pale ambapo hata mnada haupo

Hadi hapa nimezungumzia mwendeshaji anayefuata masharti yake mwenyewe, yaani yule anayekabidhi simu kwa aliyeshinda. Wengine hawafiki hata hapo.

Wapo wanaoweka wachezaji bandia. Kila saa inapokaribia sifuri, jina fulani linabofya. Unadhani unashindana na mtu wa Mwanza au Arusha, kumbe ni roboti ya mwenye tovuti, na madau yake hayamgharimu kitu. Huna namna ya kuliona hilo kwenye skrini yako, kwa sababu majina yote ni maandishi tu. Wapo wanaonadi kitu ambacho hawana, na mshindi akipatikana wanaanza kumdai: ada ya usafirishaji, kodi ya zawadi, ada ya kufungua mzigo, kila mara pesa ndogo ambayo haionekani kustahili kukufanya uache kitu kikubwa kipotee. Wapo waliofungua ukurasa ili tu wakusanye taarifa: jina, namba ya simu, picha ya kitambulisho cha NIDA, namba za kadi ya benki. Huyo wa mwisho hahitaji ushiriki mnada hata mara moja. Akishapata kitambulisho na kadi, kazi yake imekwisha na yako ndiyo imeanza.

Ndugu wa karibu wa mnada huu ni ule wa ujumbe mfupi, ambao mshindi ni aliyetaja dau dogo kuliko yote ambalo halijatajwa na mwingine. Unatuma Sh 37, unajibiwa kwamba namba yako imetajwa pia na mtu mwingine, jaribu tena. Kila ujumbe unakatwa pesa. Unaonekana kama mchezo wa akili, lakini anayeona madau yote ni mwendeshaji peke yake, nawe unakisia gizani. Kama huyo mwendeshaji hana msimamizi wa nje, anaweza kuingiza namba yoyote dakika ya mwisho na asijulikane.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowavuta wengi: mshindi wa kweli hathibitishi kwamba biashara ni salama. Mwaka 2009 Tanzania ilishuhudia kuanguka kwa DECI, mpango wa upatu ambao wanachama "walipanda mbegu" na kuahidiwa mavuno makubwa. Walioingia mapema walilipwa kweli, na ushuhuda wao uliwavuta majirani, ndugu na waumini wenzao. Viongozi wake walifikishwa mahakamani Kisutu. Mwaka 2025 polisi walikamata watu waliohusishwa na LBL, mtandao mwingine uliokuwa ukipokea fedha za watu kwa ahadi ya kipato. Mnada wa senti si upatu, lakini shahidi wake ni wa aina moja: mtu unayemjua, ameshika simu mkononi, anasema mimi nimepata. Amepata, na wala hasemi uongo. Ila yeye ni mmoja, na wale waliomlipia hawapigi picha.

Kabla ya kutoa pesa

Uliza kwanza: nikishindwa, pesa yangu inarudi? Swali hili linatenganisha mnada na kitu kingine. Minada halali ya nchini inajibu vizuri. Katika matangazo ya madalali magazetini utasoma sharti la kawaida kwamba mnunuzi atalipa asilimia 25 papo hapo na kinachobaki ndani ya siku 14. Aliyezidiwa bei hatajwi kwa sababu hadaiwi. Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo imekuwa ikiuza kwa mnada wa mtandaoni baadhi ya mali zilizokaa bandarini kupita muda wake. Mtandao wenyewe kwa hiyo si tatizo. Ukiona tangazo la magari ya bandarini kwa bei chee, usibofye kiungo ulichotumiwa. Fungua mwenyewe tovuti ya TRA, ambayo mwisho wa anwani yake ni .go.tz, uone kama mnada huo upo.

Kisha uliza ni nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki ajitambulishe kwa mteja: jina lake la kisheria, anwani yake, namna ya kumpata. Tovuti yenye fomu ya kutuma ujumbe tu, isiyo na ofisi wala jina la kampuni, imeshindwa mtihani huo. Ikitaja jina, litafute kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Na kwa kuwa kulipa pesa ili ujaribu kupata zawadi kunakaribiana sana na kamari, uliza pia leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Namba ya leseni iliyoandikwa chini ya ukurasa haitoshi, maana yeyote anaweza kuiandika. Waulize bodi wenyewe. Kumbuka pia kwamba michezo ya kubahatisha hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, na simu ya mama ndiyo ambayo mtoto wa kidato cha pili huishika jioni.

Soma masharti, hata kama ni marefu. Huna haja ya kuyasoma yote. Tafuta mambo manne: kama madau ambayo hayajatumika yanarudishwa pesa, kama yanaisha muda wake, kama kujisajili kunakuingiza kwenye makato ya kila mwezi, na mgogoro ukitokea unasikilizwa nchi gani. Masharti yakiwa kwa lugha usiyoielewa vizuri, mpe mtu akusomee kabla ya kulipa. Tovuti nyingine hukupa pia nafasi ya kununua kitu kwa bei kamili baada ya kushindwa, madau yako yakihesabiwa kama sehemu ya malipo. Inasikika kama huruma. Linganisha hiyo bei kamili na ya Kariakoo kwanza. Mara nyingi faida yao imejificha hapo hapo.

Wakati wa kulipa, tazama jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Ukilipa kampuni halafu linakuja jina la mtu binafsi, simamisha. Kama ni lazima utumie kadi kwenye tovuti usiyoizoea, usitoe ile ya akaunti ya mshahara; kampuni za simu na benki hutoa kadi za mtandaoni ambazo unaweka kiasi unachotaka kutumia tu, hivyo mwizi akiingia anakuta kilichomo na si zaidi. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga simu kutoka kwenye mnada kukukabidhi ushindi.

Na ikiwa umeshinda, ukaletewa simu, usifurahi kabla hujabonyeza *#06#. Namba ya IMEI itakayotokea itume kwenda 15090 uone kama ni ya simu unayodhani umenunua. Tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa kwenye mitandao ya Tanzania, na hasara hiyo itakuwa juu yako wewe uliyeipokea.

Pesa isitoke kwenye mkopo. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ndilo linalogeuza hasara ya elfu hamsini kuwa janga la nyumba nzima. Mnada uko kwenye simu, na mkopo uko kwenye simu hiyohiyo. Kutoka kimoja kwenda kingine ni kugusa skrini mara mbili, usiku, wakati akili imeshika kwamba nimebakiza kidogo tu nishinde. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni yake. Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba ya kunyonya, haiulizi pesa imekwenda wapi. Inapiga simu kwa shangazi yako, kwa bosi wako, kwa kila aliyemo kwenye orodha ya majina ya simu yako. Mwanafunzi aliyepokea boom, yaani posho ya mkopo wa masomo, leo akamalizia kwenye madau kesho anaanza muhula na deni badala ya chakula.

Kama imeshatokea

Acha kubofya. Madau yaliyobaki yasikushawishi. Kama tovuti inaruhusu kuomba pesa ya madau ambayo hayajatumika, omba kwa maandishi leo hii na utunze nakala. Futa kadi yako kwenye akaunti, na kama hujui umekubali makato gani, piga simu benki waifunge na kukupa nyingine. Badili nywila, hasa kama ni ileile unayotumia kwenye barua pepe.

Kama ulituma pesa kwa simu na unaamini ni utapeli, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, mara moja. Muamala ukiripotiwa pesa ikiwa haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi ya kuizuia. Kesho asubuhi nafasi hiyo huwa imekwisha. Ujumbe au namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ajili hiyo. Kama ulitoa picha ya kitambulisho, piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye ofisi za mtandao husika ikafutwe, maana kitakachofanywa na laini hiyo kitaandikwa jina lako.

Piga picha za skrini kabla hawajafuta: tangazo, anwani ya tovuti, masharti, historia ya madau yako, ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, mazungumzo ya WhatsApp. Nenda nazo Kituo cha Polisi Chang'ombe ufungue jalada na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Wengi hawaendi kwa aibu, au kwa kuamini kwamba elfu arobaini si kitu cha kupeleka polisi. Ipeleke. Udanganyifu kwa kutumia kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mpelelezi mwenye majalada ishirini ya namba moja ana cha kufuatilia kuliko mwenye moja. Kama muuzaji yupo nchini, anajulikana, na shida ni tangazo la kupotosha, malalamiko hayo ni ya Tume ya Ushindani, FCC. Kama taarifa zako binafsi zimesambazwa, ni ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Mwambie mtu wa nyumbani. Si kwa ajili ya kuungama. Ni kwa sababu siku chache baadaye kuna uwezekano wa kupigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anayejua jina lako na kiasi ulichopoteza, anayesema yuko kwenye kitengo cha kurejesha fedha na anahitaji elfu ishirini ya kufungulia faili. Wanaouza orodha za waliotapeliwa wanajua kwamba aliyepoteza anatamani sana kurudishiwa. Polisi, TCRA na Benki Kuu hawatoi huduma hiyo kwa kutumiwa pesa kwenye namba ya mtu. Ukipigiwa, kata, na namba hiyo nayo itume 15040.

Na kama bado una madau ambayo ulishayalipia na roho inakusukuma uyamalize, weka kikomo kwa maandishi na umpe mwenzako aishike karatasi: ni kitu gani, madau mangapi, mwisho saa ngapi. Kisha ondoa pesa ya ziada kwenye simu kabla ya kuingia, ipeleke kwenye kikoba au benki, ili kikomo kikifika kusiwe na cha kuongezea.